Nyumba ya Susu Haikuangushwa na Mvua

Kasikeu, jioni

Mwanangu Syombua,

Salamu za mbali sikupi, kwa sababu bado hujafika mbali. Umeenda Mukuyuni tu kumuaga shangazi yako, na kabla ya giza utakuwa hapa tukila muthokoi pamoja. Baba yako yuko nje anapigilia bawaba ya sanduku lako. Ameniona nimeshika kalamu akauliza, "Unamwandikia nani?" Nikasema, "Syombua." Akasema, "Si anarudi saa kumi na mbili?" Nikasema ndio. Ametikisa kichwa, amerudi kwa nyundo yake.

Mambo ya sabuni, sweta, na kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hayo nimeyasema wiki nzima mpaka unanijibu "Mama, nimesikia" kabla sijafungua mdomo. Sirudii. Nguo zako nimezihesabu mara tatu leo na hazijapungua. Nina jambo moja tu, na hilo mdomo wangu umelikataa kwa miaka kumi na minne. Labda kalamu italikubali.

Naandika Kiswahili kwa sababu kalamu niliishika nikiwa mama, kwenye darasa la ngumbaru, wewe ukiwa mgongoni, na mwalimu wetu alitufundisha barua kwa Kiswahili. Kikamba changu kinajua kuongea, hakijui kukaa kwenye mstari. Ukiona nimekosea, tafadhali usisahihishe na kalamu nyekundu kama ulivyofanyia ile barua ya baba yako. Alinuna siku mbili.

Sasa nisikilize. Unakumbuka Jumapili, tulipokaa na ile karatasi ya koleji? Ile inayosema kila mwanafunzi mpya wa kuchora majumba aje na mchoro wa nyumba moja ya zamani ya kwao, aeleze ilijengwaje na ilikwenda wapi. Uliniuliza nyumba ya susu yako, mama ya baba yako, ilikuwaje. Nikasema sikumbuki vizuri. Ukauliza iliangukaje. Nikasema ni mvua. Ukaandika. Halafu ukafungua kile kitabu chako cha picha, ukanionyesha kuta za mawe za watu wa kusini, mawe yamepangwa bila saruji na bado yamesimama. Ukanionyesha makanisa ya Wahabeshi yaliyochongwa ndani ya mwamba, na vichwa vya shaba vya watu wa magharibi ya Afrika, ambavyo uliniambia vina umri kushinda babu ya babu yako. Nilivipenda. Kisha ukafunga kitabu ukasema, bila ubaya wowote, "Wenzetu walijenga vitu vya kudumu, mama. Za kwetu zilikuwa dhaifu. Mvua ikinyesha, zimeanguka."

Mimi nilikuwa napepeta maharagwe. Nikaendelea kupepeta. Yalikuwa yameshakuwa safi, nikapepeta tu.

Syombua, nyumba ya susu yako haikuangushwa na mvua. Niliiua mimi. Na nisipokuambia leo, kesho utabeba neno "dhaifu" mpaka Nairobi, utalisoma mbele ya walimu wako, na yule mwanamke uliyepewa jina lake atakuwa ameaibishwa kwa kosa langu. Ndiyo maana siwezi kukaa kitako.

Wewe unajua mimi ni mtu wa Matinyani. Usichojua ni kwamba nilizaliwa kwenye nyumba yenye pembe. Baba yangu alishika kanisa mapema, na alipojenga alijenga mraba, udongo, dirisha moja, na akajivunia hilo dirisha kuliko ng'ombe. Sisi watoto wake tulikuwa na midomo. Tukipita boma la watu wanaoishi kwenye msonge, ile nyumba ya mviringo ya nyasi kutoka juu mpaka chini, tulisema wale wanaishi ndani ya kichuguu. Tulipaza sauti ili wasikie.

Mungu anasikia pia. Nikaolewa hapa Kasikeu, na siku ya kwanza mama ya baba yako akanishika mkono akanipeleka ndani ya kichuguu chake.

Mlango ulikuwa chini sana. Niliinama na bado nikagonga kichwa. Nikasikia kicheko humo ndani gizani. "Nyumba imekusalimia," akasema. "Kesho uisalimie wewe kwanza."

Nje jua lilikuwa la kuchoma mawe. Ndani kulikuwa na baridi tamu. Macho yalipozoea nikaona fito zinatoka chini, zinapinda, zinakutana juu kama vidole vya mikono miwili. Zote zilikuwa nyeusi na zinang'aa. Mafiga yalikuwa katikati, na moto mdogo. Vibuyu vilining'inia ukutani, vimechorwa kwa chuma cha moto: mistari, kobe, mjusi, jua. Na kando ya moto kilikuwa kile kigoda cha miguu mitatu cha babu yako, kimepigwa nyaya nyembamba za shaba juu, duara ndani ya duara. Ndiyo, hicho hicho baba yako anakalia akinyoa ndevu. Jumapili uliponiambia hapa kwetu hakuna kitu cha zamani cha kuchora, ulikuwa umekikalia.

Lakini siwezi kukulaumu. Mimi siku ile nilitazama nyumba nzima ya mama mkwe wangu na kitu nilichoona ni masizi.

Baadaye baba yako alileta mabati, tukajenga hii nyumba. Tulimwomba susu yako ahamie. Akaizunguka mara moja, mikono nyuma kama chifu. "Pembe nne ni za nini?" akauliza. "Za kuficha taka?" Baba yako akamwambia, mwaitu, haivuji. Siku hiyo hiyo mvua ikanyesha, kelele ya mabati ikawa kubwa, tukawa tunaongea kwa mikono. Ilipoisha akasema, "Hii ni nyumba nzuri kwa watu waliooana. Mvua ikinyesha hamsikizani." Akarudi kwake.

Magoti yakaja kumsumbua. Shangazi yako akamchukua Mukuyuni, awe karibu na zahanati. Siku ya kuondoka alikaa kwenye kigoda, akanishika mkono. Hakusema kwa mafumbo, alisema wazi kabisa: "Nduku, moto. Kila jioni, hata wa vijiti viwili. Funga mlango, uache moshi utafute njia wenyewe."

Nikasema, "Ndio, mwaitu."

Na niliwasha, kweli. Wiki mbili, labda tatu. Halafu akina mama wa kanisa wakaja kunitembelea, na mmoja, mwanamke msafi wa kola nyeupe, akaomba kuona nyumba ya mama. Akaingia, akashika fito ili asianguke, akatoka na kiganja cheusi. Alikitazama tu kile kiganja, kisha akanitazama mimi, kisha akaomba maji.

Syombua, aibu niliyosikia! Mimi binti wa nyumba yenye dirisha. Nikajiambia, mama akirudi atakuta nyumba yake inang'aa mpaka ashangae. Kesho yake nikachukua panga butu, nikaanza kukwangua masizi. Nilikwangua siku tatu. Nikasugua fito na maji moto na majivu mpaka zikawa nyeupe kama mifupa. Nikakandika sakafu upya. Na moto nikaacha, kwa sababu nani anaosha sahani halafu aipake matope? Wale akina mama waliporudi walisifu sana. Yule wa kola nyeupe akasema, "Nduku, sasa hapa mtu anaweza kuomba."

Nilijisikia vizuri. Hilo nataka ulijue, kwa sababu watu wanafikiri kosa linakuja na uso wa kosa. Siku niliyofanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu, nililala nikitabasamu.

Baada ya miezi michache nikaanza kuona unga sakafuni. Unga mweupe mwembamba, kama umemwagika kutoka mawe ya kusagia. Nikafagia. Asubuhi nyingine unga tena, nikafagia tena. Nikalaumu vumbi la barabara. Nilifagia ile nyumba kila siku, mwanangu, na kile nilichokuwa nafagia ilikuwa nyumba yenyewe, inaliwa na wadudu juu ya kichwa changu, inashuka kidogo kidogo, na mimi naitoa nje na ufagio. Chini mchwa wakaingia. Mvua ya Novemba ikaja, nyasi zikalowa, na hapakuwa na moto wa kuzikausha kutoka ndani. Zikaanza kunuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Susu yako alirudi na fimbo mbili. Hakuja nyumbani kwangu kwanza, alienda kwake. Nilikuwa nyuma yake, nangoja ashangae. Aliinama, akaingia, akasimama. Akanyoosha kidole akagusa fito moja, na kidole kikaingia ndani kama kwenye ugali.

"Nduku," akasema. "Moto uliwasha?"

"Nilikuwa nataka iwe safi, mwaitu."

Akakaa kwenye kigoda. Nikafikiri atalia, au atanifukuza. Akasema polepole, "Aiya. Umeiosha mpaka imekufa."

Haikumaliza mwezi. Mvua kubwa ilikuja na upepo, na asubuhi ilikuwa imelala chini. Kwa hiyo mvua ilikuwepo, sikudanganya yote. Lakini mvua ilikuta maiti.

Wewe ulikuwa na miaka mitano. Ulisimama pale na uji mdomoni ukauliza, "Susu, nyumba imefanya nini?" Akanitazama. Majirani walikuwa wamejaa, na yule wa kola nyeupe alikuwa hapo. Neno moja tu kutoka kwake, na jina langu lingetembea mpaka Matinyani. Akakwambia, "Imezeeka, mwaitu. Mvua imeisukuma." Alikuita mama, mwaitu, siku zote kwa sababu ya lile jina lenu. Na majirani aliwaambia hivyo hivyo.

Siku nyingine nilimuuliza kwa nini alinifunika. Akasema, "Ukimwaibisha anayefagia, kesho hafagii."

Basi nikajificha ndani ya neno lake. Alinipa blanketi ya siku moja, mimi nikaivaa miaka kumi na minne.

Kiangazi kilichofuata akanishika. Nikafikiri amesahau, kumbe alikuwa anangoja nyasi zikauke. "Mpumbavu wa kitu kikubwa anafundishwa na kitu kidogo," akasema. Tukajenga ghala. Ndiyo, lile ghala la nyuma ya jikoni, lile kuku mwekundu anatagia chini yake, lile hujawahi kulitazama hata siku moja ukiwa na kitabu chako mkononi. Kila kitu kilichokuwa kwenye nyumba yake kiko pale, kwa udogo.

Alikaa kwenye kigoda na fimbo zake, akaita wenzake wa mwethya, wale wa kusaidiana kazi, wazee kama yeye, wakaja kusaidia kukata nyasi na kunicheka. Nikifunga fundo, mmoja anauliza, "Hilo ni la kufunga mbuzi au la kufunga nyumba?" Mwingine anasema, "Mwacheni, huyo ni wa Matinyani, huko wanafunga nyumba na misumari." Nilifunga na kufungua mpaka vidole vikatoka damu. Nikajifunza kwamba fito inapindwa ikiwa mbichi, na inapindwa upande inaotaka yenyewe. Ukiilazimisha upande mwingine, inakubali leo, inavunjika mwakani. Nikajifunza kwamba nyasi zinaanza chini, kila safu inalalia ile ya chini yake, ili tone la mvua lipokewe na kupitishwa, lipokewe na kupitishwa, mpaka ardhini, bila kuingia. Na kabla nyasi hazijafika juu, moto unawashwa chini. Siku hiyo hiyo. "Nyasi haziogopi mvua," susu yako aliniambia. "Zinaogopa mvua izikute bila moshi."

Yale masizi, mwanangu, yalikuwa rangi yake. Yalikuwa dawa. Moshi wa kila jioni ulikuwa umepaka zile fito tangu baba yako ananyonya, na hakuna mdudu aliyethubutu kuuma. Ule uzuri wote wa kung'aa nilioukwangua na panga, hakuna fundi anayeweza kuupaka kwa siku moja.

Ghala lina miaka kumi na mitatu sasa. Kila nikimaliza kupika, nabeba kijinga kimoja kwenda pale, na wewe umekuwa ukiniuliza kwa nini napeleka moto kwa kuku. Mabati ya nyumba yetu, hesabu mwenyewe madoa ya lami baba yako aliyozibia. Ghala halijavuja. Sasa niambie kipi ni dhaifu.

Kuna kingine. Ulipokuwa mdogo ulichukua mkaa ukachora ukuta wa nyumba hii mpya, watu wenye vichwa vikubwa, kutoka mlangoni mpaka kitandani kwetu. Nilikuchapa. Nikausugua ukuta mpaka nikachoka. Susu yako hakunigombeza, alikuletea kibuyu na msumari wa moto, akakushika mkono: "Chora hapa, hapa hawaoshi." Kile kibuyu chenye mjusi wa miguu sita ni kazi yako. Nimekuwa nakinywea uji miaka yote hii na sijawahi kukwambia kwamba ninakipenda, wala kwamba ule ukuta ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri, Syombua. Yule mtu mwenye kichwa kikubwa zaidi alikuwa baba yako, nilimjua mara moja.

Sasa unaenda kwa watu waliosoma, wanaojua kuta za mawe na mwamba. Mimi nina darasa la ngumbaru na ghala moja, siwezi kukufundisha kazi yako. Ila mimi ni mtu aliyeshika panga butu. Ukikuta kitu cheusi, uliza kwanza weusi wake unafanya kazi gani. Ukikuta mlango wa chini, inama, usiseme ni mfupi. Na utakosea, hata wewe na vitabu vyako, na utakosea siku unayosifiwa. Hiyo siku ikija usitafute mtu wa kukufunika. Au mtafute, lakini usikae ndani ya blanketi yake muda mrefu kama mimi. Inakuwa nzito.

Nina wasiwasi, hilo unalijua, nina wasiwasi hata kuku akichelewa kulala. Lakini leo nikiandika hivi naona kifua kimekuwa chepesi. Nimefurahi unakwenda. Nimefurahi ni wewe, mwenye jina hilo, unayekwenda kujifunza nyumba. Susu yako angecheka mpaka fimbo zianguke. "Sasa wataenda Nairobi kuuliza nyumba inajengwaje," angesema, na angekuandalia kibuyu cha njiani.

Kwa hiyo chukua ile karatasi. Futa neno "dhaifu." Andika kwamba ilisimama tangu baba yako ananyonya mpaka wewe ulipokuwa na miaka mitano, na ilikufa kwa kuoshwa na mkaza mwana. Andika jina langu. Nduku ni jina fupi, halitajaza karatasi.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Ukiisoma, usiniite, usije chumbani, sitaki tulie halafu baba yako aulize ni nani amekufa. Lala. Asubuhi, kabla ya basi, nitakuwa ghalani nawasha moto. Ukija na penseli yako utachora jinsi fito zinavyokutana, nitakushikia kuku. Kisha tutaenda kule maboga yanakostawi kuliko shamba lote. Hujawahi kujiuliza kwa nini yanapenda pale? Ni majivu. Ndipo mafiga ya susu yako yalipokuwa, katikati kabisa.

Na kuna uzi. Watoto wake waligawana mbuzi na masufuria, mimi aliniachia uzi wa magome aliousokota pajani mwake akiwa msichana, na nimeuficha kwenye kibuyu cha mbegu kwa sababu niliona sistahili kuugusa. Una kitanzi upande mmoja na fundo upande mwingine. Kitanzi kinavikwa kwenye kigingi, uzi unavutwa mpaka ukaze, na mtu anatembea na fundo akichora chini mpaka arudi alipoanzia. Huo ndio ukubwa wa nyumba yake, si zaidi, si pungufu. Ukimaliza kuchora utaukunja uende nao.

Kigingi sina, lakini haidhuru. Mimi nitasimama kwenye maboga nishike kitanzi. Wewe shika fundo, mwaitu, utembee.

Mama yako,
Nduku